Sura ya Tano: Ahadi ya Dakika Mbili

Kabla neno upau halijawa la mafundi wa kompyuta lilikuwa la mafundi wa nyumba, na katika pwani yetu bado ni lao. Upau ni ule ufito mwembamba unaofungwa juu ya makombamoyo ili ulichukue kuti. Na pau zikisha kupangwa kwa nafasi zinazolingana, fundi huanza kuezeka toka chini, safu juu ya safu, akipanda pamoja na kazi yake mpaka afike kileleni. Mtu aliyeketi barazani, asiyejua lolote katika ufundi huo, aweza kuinua macho akasema kwamba nusu imekwisha, au kwamba zimebaki safu nne, na kauli yake isiwe mbali na kweli, kwa sababu kila safu ni ndugu ya mwenziwe: makuti ni yale yale, kamba ni ile ile, na mikono inayofunga leo ndiyo iliyofunga jana. Nilipokuwa mtoto nilimsikia baba akimwuliza fundi wetu kazi itakwisha lini, naye fundi, akiwa na kipande cha kamba ya usumba kinywani, akazihesabu safu kwa kidole, akakitoa kile kipande, akajibu, "Mvua isiponyesha, bwana, kesho kutwa baada ya adhuhuri." Jibu lile lilikuwa na sehemu tatu, ingawa wakati ule mimi nilisikia moja tu: lilikuwa na hesabu ya kazi iliyobaki, lilikuwa na siku, na lilikuwa na sharti.

Walipohitaji Kiswahili cha ule mstari unaojaa rangi kidogo kidogo juu ya kioo cha kompyuta wakati mashine inaponakili faili, inapopakua filamu au inaposakinisha programu, wafasiri waliuita upau wa maendeleo, na jina hilo, ama kwa kukusudia ama kwa sadfa, limechukua matarajio yetu yote ya zamani. Twauangalia upau wa kioo kama tulivyokuwa tukiliangalia paa, tukiamini kwamba nusu ya urefu ni nusu ya kazi, na kwamba nusu ya kazi ni nusu ya wakati. Imani hiyo huvunjwa kila siku, maofisini, majumbani na katika simu za mkononi, na muradi wa sura hii ni kueleza kwa nini huvunjwa. Maana si kweli kwamba waliozitengeneza programu hizo ni wavivu au hawajui hesabu, bali wametakiwa waseme jambo ambalo, kwa asili yake, halimo mikononi mwao.

Alasiri moja, miaka michache iliyopita, niliingia katika duka la steshenari, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nikiwa na flashi mfukoni. Haja yangu ilikuwa kunakili picha za marehemu shangazi yangu, ambazo kijana wa duka alikuwa amezitia katika kompyuta moja moja kutoka katika albamu za ukoo wetu, pamoja na filamu ndefu ya arusi ya binti yake, nivipeleke Dar es Salaam kwenye hitima. Boti ilikuwa iondoke saa kumi, na saa ya ukutani ilionyesha tisa na robo. Kijana akachomeka flashi, upau ukatokea, na chini yake pakaandikwa kwamba zimebaki dakika 2. Nikalipa, nikafunga mkoba, nikasimama mlangoni. Rangi ya kijani ikakimbia hadi nusu ya mstari kama ngalawa iliyopata upepo wa nyuma, kisha ghafula ikapunguza mwendo. Dakika 2 zikawa 11, dakika 11 zikawa 26, zile 26 zikateremka hadi 9, nazo 9 zikapanda tena kuwa 14. Nikaghadhibika, wala sikujua nimghadhibikie nani, kwani kijana hakuniahidi kitu na mashine haina dhamiri. Lakini moyoni niliona kwamba nimeambiwa uongo, na uongo wenyewe umeandikwa kwa tarakimu, ambazo tangu chuoni tumefundishwa kuziamini.

Ili tuifahamu ghadhabu hiyo yafaa kwanza tuifahamu neema iliyoitangulia. Palikuwa na zama ambapo mtu alitoa amri, akakaa mbele ya kioo kilichonyamaza kimya, asijue kama mashine inafanya kazi au imekufa. Mwaka 1968 Robert Miller wa kampuni ya IBM aliandika juu ya muda ambao binadamu aweza kulingoja jibu la mashine kabla fikira zake hazijakatika, na mwaka 1993 Jakob Nielsen aliiweka wazi mipaka mitatu ambayo watengenezaji wa programu huifuata hata leo: jibu lijalo ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu huliona kuwa la papo hapo, likichukua sekunde 1 huhisi kwamba amengoja, lakini fikira zake huwa bado zipo, likipita sekunde 10 macho yake huhama, akashika jambo jingine, na hapo ndipo inapopasa aonyeshwe kazi imefika wapi. Baina ya waandishi hao wawili, mwaka 1985, Brad Myers, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, aliwaomba wanafunzi wenziwe 48 watafute habari katika hazina ya kompyuta, mara wakiwa na upau mbele yao na mara bila upau, kisha akawauliza wameonaje. Asilimia 86 walisema wanaupenda. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba waliuona bora kuliko kimya hata pale ulipokuwa hausemi kwa usahihi. Mwaka ule ule David Maister, aliyekuwa akichunguza saikolojia ya watu walio katika foleni, alieleza kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja kwenye kikomo. Na ye yote aliyewahi kukaa nje ya chumba cha daktari hahitaji ushahidi mwingine.

Hata hivyo tuzingatie kwamba kipimo alichokisifu Myers kilikuwa kipimo cha asilimia ya kazi iliyokwisha. Kilikuwa habari, yaani maelezo ya jambo lililokwisha kutokea, na habari yaweza kuwa kweli tupu. Muda uliobaki si habari. Ni ahadi juu ya jambo lisilotokea bado, na ahadi haina ukweli wake mpaka itimizwe. Vitu hivi viwili, vilivyo mbalimbali kama risiti na deni, viliwekwa chini ya mstari mmoja, kwa herufi za ukubwa mmoja, na mtumiaji hakuambiwa ni kipi aandike kwa wino na ni kipi kwa penseli.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Programu hutazama imekwisha kunakili kiasi gani na kwa muda gani, na hapo hupata mwendo. Kisha hukigawanya kiasi kilichobaki kwa mwendo huo, na jawabu huliandika chini ya upau. Ikiwa megabaiti 1,000 zimepita katika sekunde 10, mwendo ni megabaiti 100 kwa sekunde, na ikiwa zimebaki 7,000, basi sekunde 70 zatosha. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya. Lakini ndani ya hesabu hiyo yamefichwa masharti mawili ambayo upau hauyatamki: kwanza, kwamba kila megabaiti ijayo italingana kwa uzito na zile zilizopita, na pili, kwamba mwendo wa dakika ijayo utakuwa ndio mwendo wa dakika iliyopita. Fundi wa makuti aliyapata masharti hayo karibu yote mawili bila kuyatafuta, na lile lililokuwa na shaka alilitaja kwa jina lake, nalo ni mvua. Mashine aghalabu halitimii kwake hata moja.

Tulitazame sharti la kwanza kwa mfano wa mzigo unaofanana na ule wangu. Tuseme kuna filamu moja ya megabaiti 4,000, na picha 40,000 za kilobaiti 100 kila moja, ambazo zikijumlishwa nazo ni megabaiti 4,000 sawasawa. Tuseme zanakiliwa kwenye diski ya sahani iwezayo kupokea megabaiti 100 kwa sekunde. Diski za namna hii aghalabu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, ndiyo kusema mara 120 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.008 hivi, na kila faili mpya huulazimisha mkono mdogo wa diski uhame kutoka mahali hadi mahali, ungoje sahani izunguke mpaka sehemu inayotakiwa ipite chini yake, na jina la faili liandikwe katika daftari la diski kabla ya jambo lo lote jingine. Tuchukue kadiri ya wastani, tuseme shughuli yote hiyo ni sekunde 0.01 kwa faili. Kwa filamu, iliyo faili moja, si kitu, nayo itakwisha kwa sekunde 40. Kwa picha 40,000 zile chembe za sekunde zitakusanyika zikawa sekunde 400, juu ya 40 za kunakili baiti zenyewe, jumla 440. Kazi nzima ni sekunde 480, yaani dakika 8.

Sasa tuusikilize upau unaopima kwa baiti. Filamu ikitangulia, baada ya sekunde 40 nusu ya baiti zimekwisha, na upau, kwa hesabu isiyo na kosa hata moja, utatangaza kwamba zimebaki sekunde 40; na kweli ni kwamba zimebaki 440, mara kumi na moja ya ahadi. Picha zikitangulia, nusu itafikiwa baada ya sekunde 440, na upau ule ule utatangaza kwamba zimebaki 440 nyingine, ilhali zimebaki 40 tu. Atatokea mtu aseme, basi tuache baiti, tupime kwa idadi ya faili; na tumfuate aendako. Filamu ikitangulia, baada ya sekunde 40 imekwisha faili 1 katika 40,001, na kwa mwendo huo faili 40,000 zilizobaki zitataka sekunde 1,600,000, yaani siku 18 na nusu. Hivyo kazi moja, mashine moja na dakika moja zimetoa utabiri wa sekunde 40 na utabiri wa siku 18, na katika kila mmoja kujumlisha na kugawanya ni sahihi kabisa. Kosa halimo katika hesabu, limo katika kudhani kwamba vilivyohesabiwa vyalingana. Fundi hodari huchanganya vipimo viwili hivyo, akaipa kila baiti uzito wake na kila faili uzito wake, na upau wake hutulia sana kuliko mwingine; lakini ili apate uzito huo hana budi aijue diski yenyewe, nayo yaweza kuwa mpya au kuukuu, tupu au imejaa, ya sahani au ya aina isiyozunguka, na programu huandikwa mara moja ikatumiwa kwenye mashine zisizo na idadi.

Liko na fumbo la asilimia 99, ambalo limewachosha watu wengi kuliko yote. Mfumo wa kompyuta, kwa kutaka kumpunguzia mtu kungoja, huzipokea baiti kwanza katika kumbukumbu yake ya haraka, kisha huzipeleka flashini polepole kwa kadiri flashi inavyoweza kuzimeza. Ni mfano wa bandari ambamo shehena imeshushwa gatini kwa saa moja, karani akaandika kwamba imewasili, na wachukuzi wakahitaji siku mbili kuitia ghalani. Upau unaomwuliza karani hujaa upesi, kisha hukaa umejaa, na mtu asiyeliona ghala hustaajabu kuna nini tena. Na akiichomoa flashi wakati huo, hupoteza kile alichoambiwa kuwa kimefika. Aidha, mwisho wa kazi huwa na shughuli zisizo na baiti za kuhesabika: kuhakikisha kwamba kilichofika ndicho kilichotumwa, kuisajili programu mpya, kufuta vilivyowekwa kwa muda. Kileleni mwa paa nako makuti hukunjwa na kufungwa kwa namna ya peke yake ili maji yasipenye, na fundi hukaa pale kitambo kirefu kuliko katika safu yo yote. Tofauti ni kwamba yeye alilijua hilo tangu asubuhi, akalitia katika hesabu yake.

Tukija kwenye sharti la pili, lile la mwendo, twatoka katika nyumba ya mtu mmoja, twaingia katika njia ya watu wote. Faili inayopakuliwa kutoka mtandaoni hukatwa vipande vidogo, na vipande hivyo husafiri pamoja na vipande vya mamilioni ya watu wasiojuana, katika nyaya zile zile. Oktoba 1986, baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mahali palipoachana kwa yadi 400 tu, mwendo wa data ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde, kwa sababu kila mashine ilipoona jibu limechelewa ilidhani kipande chake kimepotea, ikakituma tena, na kwa kutuma tena ikazidi kuisonga njia iliyokwisha kusongwa. Van Jacobson, aliyeuchunguza msiba ule, alitoa mwaka 1988 njia za kuuponya ambazo intaneti yazitumia mpaka sasa, na ndani yake mna jambo ambalo naliona kuwa kiini cha sura hii.

Ili mashine ijue ingoje jibu kwa muda gani kabla ya kukata tamaa, haina budi ikadirie jibu huchukua muda gani kwa kawaida. Na kila kipimo kipya kinapofika, hulifanya upya kadirio lake kwa kuchukua sehemu saba katika nane za kadirio la zamani na sehemu moja katika nane ya kipimo kipya. Hapo twaona mizani ambayo kila mtabiri huishika. Asahauye upesi, akaupa uzito mkubwa mwendo wa sasa hivi, hutishwa na kila wimbi, na upau wake hurukaruka kama ule wangu. Akumbukaye mno hutulia, lakini pepo hubadilika yeye akiendelea kutangaza habari za pepo za jana. Nahodha aliyetoka Lamu kwenda Unguja kwa kaskazi huijua mizani hiyo bila kuiandika, kwa maana hageuzi shauri kwa kila pumzi ya upepo, wala hangoji mpaka tanga lipasuke ndipo akiri kwamba hali imebadilika.

Lakini Jacobson hakuishia kwenye wastani. Aliitaka mashine ipime pamoja nao jinsi vipimo vinavyotawanyika, yaani iwe na kadirio la muda na kadirio la shaka yake, na muda wa kungoja uwe ule wastani ukiongezwa mara kadhaa za shaka hiyo; hivyo njia ikiwa shwari mashine huwa na subira fupi, na njia ikichafuka subira yake hurefuka. Mashine kwa mashine, basi, hazidanganyani. Kila moja, inapokadiria wakati, huchukua mkononi mwake kipimo cha kutojua kwake, na bila kipimo hicho mtandao wote ungerudi katika msiba wa 1986. Ni pale tu habari inapotoka kwenye mashine kumwendea mwanadamu ndipo shaka inapovuliwa na kuachwa nyuma ya kioo, na sisi tukapewa tarakimu moja tupu, dakika 2, kana kwamba insafu ni haki ya mashine na sisi hatuistahili.

Watu wa pwani hii twaweza kulishuhudia jambo hili kwa miaka yetu wenyewe. Kabla ya Julai 2009, ulipowashwa mkonga wa baharini wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti ilipitia setilaiti zilizo juu ya dunia kwa kilomita 36,000 hivi, na swali kwenda na jibu kurudi, kwa kupanda na kushuka mara mbili, kulichukua karibu nusu sekunde hata kama hapana mtu mwingine njiani. Mkonga uliufupisha mwendo huo na kuipanua njia kupita tulivyotumaini. Lakini njia pana si njia ya peke yako, na utabiri wa upau haukuwa yakini kwa sababu hiyo. Aliyepata barabara kubwa hupata na magari mengi.

Isitoshe, ziko kazi ambazo hata jumla yake haijulikani. Programu inayotafuta maradhi ya kompyuta katika diski nzima haijui itakuta faili ngapi mpaka izihesabu, na kuzihesabu ni kazi yenyewe; programu inayolitafuta jawabu la fumbo haijui kama jawabu li karibu au li mbali, kama mtu atafutaye pete mchangani asivyoweza kusema kwamba amekwisha kuipata kwa asilimia 60. Na nyuma ya haya yote umesimama ukuta ulioonyeshwa na Alan Turing mwaka 1936, kabla ya kompyuta tulizo nazo kuwapo: kwamba haiwezekani kuwapo kanuni moja ya jumla iwezayo kuichukua programu yo yote, na pembejeo zo zote, ikasema kwa hakika kama programu hiyo itafika mwisho au itaendelea milele. Kunakili faili hakumo katika fumbo hilo, kwa sababu mwisho wake wajulikana; lakini mtu atakaye upau mmoja wenye kusema kweli juu ya kila kazi na ajue kwamba hatafuti ufundi bora zaidi, atafuta kitu ambacho hisabati yenyewe imekikana. Ikiwa kwa kazi nyingine hakuna ajuaye hata kama zitakwisha, itakuwaje tudai tuambiwe zitakwisha lini?

Palipo na udhaifu huu pana na kishawishi. Mwaka 2007 Chris Harrison na wenzake waliwaonyesha watu pau zilizochukua muda ule ule lakini zikaenda kwa miendo mbalimbali, na watu waliona kwamba upau unaokwenda polepole mwanzoni na kuharakisha mwishoni umekwisha mapema zaidi, na ule unaositasita karibu na mwisho umechelewa. Na mwaka 2010 Harrison na wengine walionyesha kwamba michirizi ikipitishwa ndani ya upau kwa namna fulani, muda huonekana kupungua kwa asilimia 11, bila sekunde moja kupunguka. Siwalaumu walioyagundua haya, kwani elimu ya jinsi macho yanavyohisi wakati ni elimu, na kumpunguzia mtu uchovu wa kungoja ni wema. Lakini kati ya kumburudisha anayengoja na kumpotosha pana mpaka, na mpaka huo hupitwa pale upau unapoacha kuifuata kazi, ukatembea kwa ajili ya kutembea tu. Maana mwenye kungoja haangalii upau kwa burudani, auangalia ili aamue: aketi au aondoke, apike au alale, aahidi au anyamaze. Uamuzi wake umejengwa juu ya alichoambiwa, na kwa hiyo alichoambiwa ni amana.

Wako walioichukua amana hiyo kwa uzito wake. Wahandisi wa Microsoft walipokuwa wakiitengeneza Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, walikiri waziwazi kwamba kukadiria kwa usahihi muda uliobaki wa kunakili ni karibu na muhali, kwa kuwa hawana mamlaka juu ya mtandao wala juu ya programu nyingine zinazoweza kuamka wakati wo wote zikaitumia diski. Wakaamua kumfungulia atakaye mchoro unaoonyesha mwendo wa kunakili ulivyopanda na kushuka, pamoja na idadi ya vilivyobaki. Hiyo ni hatua njema, kwa sababu mtu akiuona mwendo umeanguka haulizi tena kwa nini dakika zimeongezeka. Ningependa hatua hiyo izidishwe. Upau na useme kwanza yale ulio na yakini nayo, yaani kilichokwisha na kilichobaki. Useme na kile unachokifanya sasa, kwamba picha ndogo ni nyingi, au kwamba shehena i gatini yangoja kutiwa ghalani. Na ukitaja muda, uutaje kwa upana wake, kwamba ni kati ya dakika 5 na 15, na upana huo upungue kadiri ujuzi unavyozidi. Usiahidi cho chote katika sekunde za kwanza, wakati ambapo haujaona kitu. Wala usijae kabla ya kazi kwisha, kwani afadhali nusu iliyo kweli kuliko ukamilifu wa uongo.

Namrudia kijana wa steshenari. Aliponiona nimerudi kutoka mlangoni, uso umekunjamana, aliigeuza kompyuta ili nami nione, akaweka kidole si juu ya zile dakika bali juu ya tarakimu nyingine ndogo iliyokuwa pembeni. "Maalim," akasema, "hizi dakika zisikusumbue. Filamu imekwisha kuingia. Zimebaki picha elfu sita na ushei, na ndogo hizi ndizo zichukuazo muda. Mashine haijakwama, ila nikikwambia utaipata boti nitakuwa nakudanganya." Nikatazama saa ya ukutani: ilikuwa tisa na dakika ishirini na tano. Nikampigia simu mtoto wa shangazi, nikamwambia nitakuja kwa boti ya asubuhi, kisha nikavuta kiti nikaketi karibu na feni. Kwa muda uliobaki picha zikawa zinapita juu ya kioo moja moja, shangazi akiwa msichana wa shule, shangazi akiwa bibi arusi, shangazi akiwa barazani na wajukuu chini ya paa la makuti, nami sikuutazama tena upau mpaka kijana aliponipa flashi mkononi.